Miguu ya Madereva wa Malori Inakufa Ganzi kwa Namna Wanavyolipwa

Dereva wa masafa marefu akishuka kwenye lori baada ya kuendesha saa sita mfululizo, haondoki palepale. Hushuka kinyumenyume, mkono mmoja umeshika kishikio cha mlango, akitafuta ngazi kwa ncha ya kiatu kwa sababu wayo hauhisi vizuri unakanyaga wapi. Akifika chini huegemea tairi, akapigapiga paja, akakita kisigino ardhini mara kadhaa mpaka zile sindano-sindano zianze kupungua. Ukimuuliza atakwambia ni kawaida, kila dereva anayo. Utingo wake naye atakwambia hivyohivyo. Mwenye gari, akiulizwa, atasema dereva mzoefu anajua kujinyoosha.

Hiyo kawaida ndiyo ninayoipinga. Ushauri wanaopewa madereva ni uleule siku zote: nyosha miguu, kunywa maji, punguza uzito, acha sigara. Ni ushauri sahihi, na baadhi yake nitaurudia. Tatizo ni kwamba unamtwisha dereva peke yake jambo ambalo kwa sehemu kubwa haliko mikononi mwake. Mtu anayelipwa kwa safari au kwa kilomita, kila akisimama anajikata mshahara. Ganzi ya mguu wake inaanzia kwenye makubaliano ya malipo, na ndiko inakopaswa kutafutwa kwanza.

Ili hoja hiyo isimame, tuelewane kuhusu ganzi yenyewe, maana wengi wakiisikia husema damu haitembei. Ganzi ile ya kuja na kuondoka, mara nyingi, inatokana na neva iliyobanwa. Neva ikikandamizwa kwa muda mrefu hushindwa kupeleka taarifa, na vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha hubanwa pamoja nayo. Mtu akibadili mkao, taarifa hurudi kwa vurugu, na vurugu hiyo ndiyo tunayoisikia kama sindano. Swali la maana ni neva ipi na inabanwa na nini, kwa sababu mahali panapokufa ganzi panaonyesha chanzo.

Kiti kikiwa kirefu kuliko paja la dereva, au kikiinuliwa juu mno, ukingo wake wa mbele hukandamiza nyuma ya paja karibu na goti. Ganzi ya hapo huteremka kwenye shavu la mguu na wayo. Kuna neva nyingine, ya peronea, inayopita upande wa nje wa goti, chini kidogo, pale unapoweza kupapasa kinundu cha mfupa. Hapo imefunikwa na ngozi na mafuta kidogo tu. Dereva aliyezoea kuegemeza goti kwenye mlango huikandamiza kwa saa nyingi, akaanza kuhisi ganzi juu ya wayo. Ikiendelea bila kushughulikiwa, mguu hushindwa kuinuka kwa mbele, na mtu anaanza kujikwaa kwenye sakafu tambarare. Halafu kuna pochi ya mfuko wa nyuma, imejaa vitambulisho, leseni na risiti. Anaikalia siku nzima, nyonga moja inakuwa juu kuliko nyingine, na neva ya siatiki, iliyo nene kuliko zote mwilini, inabanwa upande huohuo. Mkanda wa suruali uliokazwa chini ya tumbo nao una ganzi yake, ya upande wa nje wa paja. Hiyo huwatisha watu sana, lakini mara nyingi hupungua mkanda ukilegezwa.

Hayo yote yanarekebishika kwa urahisi. Mtikisiko haurekebishiki hivyo. Uti wa mgongo wa mtu aliyeketi huitikia kwa nguvu zaidi mitikisiko ya mara 4 hadi 6 kwa sekunde, na magari makubwa hutoa mitikisiko ya kiwango hicho kwa wingi. Umoja wa Ulaya ulilichukulia jambo hili kwa uzito kiasi cha kutunga agizo mwaka 2002 linaloweka ukomo wa mtikisiko wa mwili mzima kwa siku ya kazi ya saa 8: ukifika mita 0.5 kwa sekunde mraba mwajiri lazima achukue hatua, na mita 1.15 haziruhusiwi kupitwa. Kiti chenye mto wa hewa na shokabzoba nzima hupunguza sana mtikisiko unaofika kiunoni. Kiti kilichokufa humpitishia dereva kila shimo la barabara, na diski za kiuno, zile pedi laini zilizo kati ya mifupa ya uti wa mgongo, zikichoka au zikivimba nje hubana mizizi ya neva za mguu. Dereva wa namna hii ana maumivu yanayoteremka kutoka makalioni hadi wayoni, na hayaondoki kwa kukita kisigino.

Damu nayo ina kesi yake, na hii ndiyo inayoua.

Moyo husukuma damu hadi kwenye vidole vya miguu, lakini kuirudisha juu ni kazi inayohitaji msaada. Msaada huo hutolewa na misuli ya shavu la mguu, inayofanya kazi kama pampu ya mkono ya kuvutia maji kisimani: kila hatua unayopiga hukamua vena za ndani, na vali ndogo ndani ya vena huzuia damu isirudi chini. Ukiketi, pampu inasimama. Mguu wa kulia wa dereva umekaa juu ya pedeli ya mafuta kwa pembe ileile kwa saa nyingi. Wa kushoto, kwenye gari lenye gia za otomatiki, hauna kazi kabisa. Na pale penye kifaa cha kushikilia mwendo bila kukanyaga mafuta, miguu yote miwili imelala. Magari mapya yanasifiwa kwa kumpunguzia dereva uchovu, na kweli yanampunguzia, lakini wakati huohuo yamemwondolea mizunguko midogo ya kifundo cha mguu aliyokuwa akiifanya kwa klachi bila kujua kwamba inamlinda.

Rudolf Virchow, daktari wa Ujerumani, aliandika katikati ya karne ya 19 juu ya namna damu inavyoganda ndani ya mishipa. Mambo matatu yanayotajwa hadi leo kwa jina lake ni damu kutuama, ukuta wa mshipa kujeruhiwa, na damu yenyewe kuwa rahisi kuganda. Kiti cha lori kinaleta la kwanza moja kwa moja, na ukingo wa kiti unaobana nyuma ya goti unalizidisha. La tatu hutegemea mtu: unene, sigara, saratani, upasuaji wa karibuni, ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, au kurithi damu inayoganda haraka.

Mwaka 1940 Keith Simpson, daktari wa uchunguzi wa maiti jijini London, aliripoti vifo vya ghafla vya watu waliokuwa wakijificha mabomu kwenye mahandaki. Hawakupigwa na bomu. Walikuwa wamekesha wameketi kwenye viti vya kukunja, damu ikaganda miguuni, na bonge likasafiri hadi mapafuni. Mwaka 1954 John Homans wa Marekani akaeleza wagonjwa walioganda damu baada ya kuketi muda mrefu, wakiwamo waliokuwa safarini kwa ndege na kwa gari. Kwa hiyo tatizo hili, ambalo magazeti yamelizoea kama ugonjwa wa abiria wa ndege, tangu mwanzo lilikuwa ugonjwa wa kuketi. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani, matokeo yake yakatolewa mwaka 2007, ulionyesha kwamba hatari ya kuganda damu huongezeka karibu mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi ya kuketi bila kujongea, iwe kwa ndege, treni, basi au gari. Kwa msafiri mwenye afya njema hatari hiyo bado ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Lakini utafiti huohuo uliona kwamba safari nyingi zinazofuatana ndani ya muda mfupi zinaiongeza, kwa sababu hatari haiishi siku ile ya kufika, bali hubaki kwa wiki kadhaa. Abiria husafiri, akafika, akapumzika. Dereva wa lori, wiki zake za hatari zinaingiliana mwaka mzima.

Kuna ushahidi wa zamani ninaouheshimu kuliko wote juu ya kazi ya kuketi. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walilinganisha madereva na makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London. Walikuwa watu wa mwajiri mmoja, kwenye gari moja, njia moja. Makondakta waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi siku nzima waliugua ugonjwa wa moyo kwa uchache kuliko madereva waliokuwa wameketi mita chache mbele yao. Walilolichunguza ni moyo, si miguu, na watafiti wa baadaye wamejadili tofauti nyingine kati ya makundi hayo mawili, kama vile unene. Hata hivyo walituonyesha mapema kwamba kiti chenyewe ni sehemu ya mazingira ya kazi, kama moshi wa kiwandani ulivyo.

Juu ya hayo ongeza sukari na tumbaku. Uchunguzi wa taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, uliofanyika mwaka 2010 kwa madereva wa masafa marefu, ulikuta asilimia 69 wana unene uliopitiliza, ikilinganishwa na asilimia 31 ya wafanyakazi wengine walio watu wazima, na wavutaji sigara walikuwa asilimia 51 dhidi ya 19. Kisukari huharibu neva kuanzia vidoleni, miguu yote miwili kwa usawa, ganzi ikipanda taratibu mithili ya soksi. Sigara huziba ateri, mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, na dalili yake ni maumivu ya shavu la mguu mtu anapotembea, yanayopoa akisimama. Dereva hatembei vya kutosha hata ayagundue. Ugonjwa unamkomaa ameketi.

Sasa turudi kwenye malipo. Chukua dereva anayeendesha saa 9 kwa siku. Akisimama dakika 5 kila baada ya saa 2 ili atembee, anapoteza dakika 20. Kwa mwendo wa kilomita 70 kwa saa hizo ni kilomita 23 hivi. Mwenye gari ataona ni kidogo, lakini anayelipwa kwa kilomita anazihesabu kila jioni. Na kusema kweli, dakika 5 ni hesabu ya mtu asiyewahi kusimamisha trela. Lazima upate mahali papana na salama, upunguze mwendo mapema, uegeshe, ushuke, uzungukie mzigo, urudi barabarani ukisubiri nafasi. Kila kisimamo cha dakika 5 kinakula karibu 15. Mpokeaji wa mzigo naye amepanga saa ya kushusha, na gari likikosa zamu yake linarudishwa mwisho wa foleni.

Foleni hiyo ndiyo ninayoiona kuwa mbaya kuliko yote. Watu hudhani dereva akiwa kwenye foleni ya ghala, mpakani au bandarini amepumzika. Hajapumzika. Gari linasogea urefu wa trela moja, linasimama, baada ya dakika kadhaa linasogea tena. Akishuka kwenda kutembea, wa nyuma wanapiga honi na nafasi inachukuliwa. Basi anakaa palepale kwenye kiti, saa tatu, saa nne, na kwa wengi muda huo haulipwi kabisa kwa kuwa magurudumu hayazunguki. Mwili wake unafanya kazi ileile ya kuketi, mfuko wake hauingizi kitu, na akitoka hapo anaendesha kwa haraka zaidi ili afidie. Ndiyo maana wengi hawanywi maji wakiwa njiani. Maji yanamlazimu mtu kushuka, na kushuka ndiko anakokukwepa.

Sheria zipo, na nyingine ni nzuri. Mkataba namba 153 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1979, unamtaka dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila mapumziko, na jumla isizidi saa 9 kwa siku na 48 kwa wiki. Umoja wa Ulaya unataka dakika 45 baada ya saa 4 na nusu. Marekani inaruhusu saa 8 za uendeshaji kabla ya mapumziko ya dakika 30, na tangu 2020 nusu saa hiyo inaweza kuwa ya kazi nyingine isiyo ya kuendesha, mradi gari halitembei. Lakini kwa sehemu kubwa zinalenga uchovu na usingizi. Zinalinda macho. Takografu, kile kifaa cha kurekodi saa za kuendesha na kusimama, inaandika gari limesimama. Haiwezi kujua kama dereva alitembea au alibaki ameegemea usukani akijaza makaratasi. Na zile saa 4 ambazo sheria inaziona kipande kimoja cha kawaida cha kazi ndizo ambazo watafiti walianzia kuhesabu hatari ya damu kuganda.

Hata anayejali barabara peke yake, asiyejali mguu wa mtu, ana sababu ya kusikiliza. Mguu wa kulia ndio unaokanyaga breki. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, lori linakwenda mita 22 kila sekunde. Mguu usiohisi pedeli vizuri ukichelewa nusu sekunde, gari limeshakula mita 11 kabla breki haijaanza kushika.

Wenye magari watajibu kwamba faida ni ndogo, mafuta ni ghali na mteja hangoji. Sibishi, na kwa kweli mwenye mzigo ana lawama yake pia, kwa sababu yeye ndiye anayepanga saa za kushusha kana kwamba gari linajiendesha lenyewe. Lakini gharama ya ganzi haikufutwa kwenye hesabu, imehamishiwa nyumbani kwa dereva. Anayeganda damu mguuni kwa kawaida hutumia dawa za kuzuia kuganda kwa angalau miezi 3, na sehemu kubwa ya waliougua hubaki na mguu unaovimba, mzito, wenye ngozi inayobadilika rangi, kwa miaka. Walipe muda wa foleni kama muda wa kazi. Waviweke visimamo vifupi ndani ya ratiba ya mzigo tangu unapopangwa, visiwe ruhusa ambayo dereva anaiomba kwa simu. Na kiti kikaguliwe kila gari linapoingia gereji, kwenye orodha moja na breki na tairi.

Dereva naye, kwa yaliyo mikononi mwake, ashushe kiti mpaka visigino vikae sakafuni, na abakishe nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti. Pochi iende kwenye dashibodi. Kwenye foleni, gari likiwa limesimama na breki ya mkono imevutwa, apandishe na kushusha wayo mara nyingi awezavyo, kwa sababu hiyo ndiyo pampu yenyewe. Soksi za kubana zimethibitika kupunguza damu kuganda kwa abiria wa ndege za masafa marefu, lakini mwenye kisukari kilichoharibu neva au ateri zilizoziba asizivae kabla ya kupimwa, zinaweza kumjeruhi. Asijiandikie aspirini kwa kinga. Na mguu mmoja ukivimba, ukawa na joto, wekundu na maumivu ya shavu, asiukande wala asikubali mtu amkande. Aende hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa pumzi ghafla, kifua kikamchoma anapovuta hewa au akikohoa damu, hiyo ni dharura, gari libaki hapohapo lilipo. Ni dharura pia ganzi ikifika sehemu anazokalia na sehemu za siri, au akishindwa kuzuia au kutoa mkojo, maana neva za chini ya mgongo zinaweza kufa kabisa ndani ya muda mfupi.

Madereva wengi wanazijua baadhi ya dalili hizi na bado wanazificha. Uchunguzi wa afya wanaofanyiwa kwa ajili ya leseni huangalia macho, shinikizo la damu na wakati mwingine sukari, na wanajua kwamba kukiri ganzi kunaweza kuwatoa kwenye usukani bila fidia yoyote. Kupima hisia za wayo kwa kile kiuzi cha plastiki wanachotumia kliniki za kisukari huchukua dakika chache, na kupapasa mapigo ya damu juu ya wayo huchukua pungufu ya hapo. Vipimo hivyo viingizwe kwenye uchunguzi wa dereva, pamoja na swali la wazi kuhusu ganzi na uvimbe. Na anayejibu ndiyo atibiwe huku akilipwa, kama anavyotibiwa aliyeumia kazini, kwa sababu ameumia kazini.